Mgeni wa kila mwezi kazini, na viti vinavyobaki vitupu

Swali: "Shikamoo mwalimu. Ninafanya kazi katika kampuni ya programu za malipo hapa Dar es Salaam, yenye wafanyakazi wapatao 120. Tangu Februari nimekabidhiwa jukumu la kualika mgeni mmoja kila mwezi aje kuzungumza nasi. Mkurugenzi wetu aliutangaza mpango huo kwa barua pepe yenye kichwa 'Mgeni njoo, mwenyeji apone'. Siku ya mgeni wa kwanza walikuja watu 70. Siku ya mgeni wa nne walikuja 11, na watatu kati yao ni wa kitengo changu. Sasa uongozi unataka mambo mawili: tualike watu maarufu zaidi, na mahudhurio yawe ya lazima. Bajeti ni ndogo. Je, wako sahihi? Na mambo ya posho, kurekodi na kuendesha maswali niyafanyeje?"

Jibu: Marahaba. Nianze na mahudhurio ya lazima, kwa kuwa hilo ndilo jepesi: usikubali. Ukiwalazimisha watu 120 kuketi ukumbini utapata watu 120 wenye kompyuta mpakato mapajani, wakijibu barua pepe, na utakuwa umekivunja kipimo pekee ulicho nacho cha kujua kama jambo unaloliandaa lina faida kwao. Wale 11 wa mara ya mwisho wamekupa taarifa ya kweli. Wale 70 wa mara ya kwanza walikuletea udadisi, pengine pamoja na heshima kwa mkurugenzi aliyeketi mstari wa mbele, na udadisi haudumu miezi minne.

Kuhusu watu maarufu, nitakusimulia kosa langu mwenyewe. Nimeratibu mihadhara ya namna hii katika kampuni mbili za programu, na katika ile ya kwanza nilishinikizwa, kama unavyoshinikizwa wewe, nimlete mtu ambaye jina lake lingejaza ukumbi. Nilimpata baada ya miezi mitatu ya kubembeleza, na ukumbi ulijaa kweli. Mgeni alichelewa dakika 50, akazungumza saa nzima na robo juu ya safari ya maisha yake, kisha msaidizi wake akamnong'oneza jambo na wakaondoka kabla ya swali la kwanza. Picha zilipigwa nyingi. Wiki iliyofuata nilimuuliza mhandisi mmoja kijana alichopata, akanijibu kwa adabu kwamba alipata moyo. Nilipomuuliza moyo wa kufanya nini, alicheka. Mwezi uliofuata walikuja watu wachache kuliko waliokuwa wakija kabla ya yule mtu maarufu, kwa sababu sasa kila mgeni wa kawaida alionekana kuwa wa daraja la pili.

Mkurugenzi wako amechagua methali nzuri, lakini tangu Februari hakuna aliyeuliza mwenyeji anaumwa nini. Ninakisia, kwa kuwa ndivyo inavyokuwa karibu kila mahali, kwamba wageni wako wanne walipatikana kwa njia moja: mtu wa uongozi alimfahamu mtu, huyo mtu akawa na nafasi, naye akaachiwa achague mada. Mgeni aliyeachiwa achague mada hutoa ile aliyoitoa kwingine mara kumi. Hana ubaya, ila hakuja kwenu; amepitia kwenu.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza iko ndani ya kampuni, na ikifanywa vizuri huchukua wiki mbili hivi. Waendee viongozi wa timu mmojammoja, na usiwaulize wangependa aalikwe nani, maana watakutajia jina la mtu waliyemwona mtandaoni, nawe utakuwa umerudi kwenye umaarufu kwa mlango wa nyuma. Waulize hivi: ni ubishi gani mmekuwa nao miezi hii mitatu bila kuumaliza? Katika kampuni ya malipo majibu hayatakosa. Timu moja itakuambia kwamba haijakubaliana la kufanya pale mtandao unapokatika katikati ya muamala, mteja akabonyeza tena, na mfumo ukashindwa kujua kama hilo ni ombi jipya au ni lilelile la kwanza. Nyingine itakuambia kwamba dawati la huduma kwa wateja linapokea simu nyingi juu ya miamala iliyokwisha kufanikiwa. Nyingine itakuwa inaogopa kuhamisha kanzidata ya zamani bila kuzima huduma. Andika maswali hayo kwa maneno yao, yabandike mahali panapoonekana, halafu ndipo uanze kujiuliza ni nani nchini, au katika Afrika Mashariki, aliyekwisha kupita mahali hapo akaumia.

Mhadhara ambao mimi huutumia kama mfano wa jambo hili ulitolewa tarehe 7 Machi 1986 katika kampuni ya Marekani iliyoitwa Bellcore, mbele ya watu wapatao 200. Mgeni alikuwa Richard Hamming, mwanahisabati aliyefanya kazi Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni kubwa ya simu ya Marekani, kwa miaka 30, na ambaye jina lake limebaki katika misimbo ya kugundua na kusahihisha makosa ya data. Alikuja kuzungumza juu ya swali moja: kwa nini wanasayansi wengi wenye akili hufanya kazi ambayo baadaye husahauliwa, na wachache tu hufanya ile inayodumu. Bellcore ilizaliwa baada ya kampuni ya simu ya AT&T kugawanywa mwaka 1984, na watu wengi waliokuwa mle ukumbini walitoka katika ukoo uleule wa Bell Labs. Hamming aliwajua wagonjwa wake. Alisimulia jinsi alivyokuwa akiketi na wanakemia wakati wa chakula cha mchana, akawauliza kwanza maswali makubwa ya taaluma yao ni yapi, siku nyingine akawauliza wao wanashughulikia lipi kati ya hayo, na hatimaye akawauliza kwa nini basi wanatumia muda wao kwa mambo wasiyoyaona kuwa makubwa. Baada ya hapo, akasema, ilimbidi atafute watu wengine wa kula nao. Mhadhara huo unasomwa hadi leo. Hamming hakuwa mgeni wa kupamba ukumbi. Alikuwa mtu aliyelijua swali ambalo wasikilizaji wake walikuwa wakilikwepa.

Ukishakuwa na maswali, utagundua kwamba wageni wengi unaowahitaji si ghali na hawako mbali. Mgeni bora niliyewahi kumleta kazini alikuwa wakala wa huduma za fedha za simu, mama mmoja mwenye kibanda karibu na kituo cha daladala, ambaye alikuja na simu tatu na daftari la mistari. Hakuwa na slaidi. Alilifungua daftari akatuonyesha kwamba kila muamala unaopitia kwenye mfumo, mfumo ambao sisi tulijivunia kwamba unahifadhi kumbukumbu zote, yeye anauandika tena kwa kalamu: namba, kiasi, saa, na alama ndogo anayoijua mwenyewe yenye maana kwamba ujumbe wa uthibitisho haujafika. Mtandao ukisumbua humwomba mteja asubiri kwenye benchi na humkataza kubonyeza tena, kwa sababu alikwisha kupoteza fedha zake mwenyewe kwa kuuamini ujumbe uliosema kwamba muamala haukukamilika, ilhali ulikuwa umekamilika. Wahandisi wetu walikuwa wamebishana miezi miwili juu ya maneno ya ujumbe huo. Ubishi uliisha siku ile, na ujumbe ukaandikwa upya kabla ya wiki kwisha.

Watu wa fani yetu hawapaswi kushangazwa na jambo hili. M-Pesa yenyewe, kabla ya kuzinduliwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, ilifanyiwa majaribio kuanzia mwaka 2005 kwa lengo la kuwawezesha watu kulipa mikopo midogo kwa simu, na ni watumiaji wa majaribio hayo waliowaonyesha wabunifu kwamba walichokihitaji zaidi ni kutumiana fedha wao kwa wao. Kwa hiyo ukiwa na mihadhara sita kwa mwaka, idadi nitakayokushauri mwishoni, mimi ningetenga miwili kwa watu wanaoutumia mfumo wenu au wanaosumbuliwa nao: wakala, mhasibu wa duka la jumla Kariakoo, karani wa huduma kwa wateja wa benki mnayounganishwa nayo.

Wataalamu wenzenu nao wanapatikana, mradi umwendee mtu wakati ambapo tayari ana sababu yake ya kuwa karibu nanyi. Mwaka 2006 wafanyakazi wa Google walianza kuwaalika waandishi wa vitabu waje kuzungumza ofisini kwao, mfululizo ambao baadaye ulipanuka ukaitwa Talks at Google, na uliendeshwa na wafanyakazi waliojitolea juu ya kazi zao za kawaida. Mwandishi mwenye kitabu kipya yuko safarini kukitangaza, anatafuta wasikilizaji, na kusimama kwake jukwaani ni faida kwake pia. Kwako Dar es Salaam sababu hizo zina sura nyingine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kampasi yake ya TEHAMA ya Kijitonyama, hupokea watahini na watafiti kutoka nje. Mikutano ya benki na ya simu huleta wahandisi wanaobaki na alasiri moja tupu kabla ya ndege. Na Desemba wanarudi nyumbani likizo Watanzania wanaofanya kazi za programu Nairobi, Ulaya na Marekani, ambao wengi wao hawajawahi kuombwa na mtu yeyote nyumbani kueleza wanachokifanya. Mtu wa namna hiyo ukimwandikia Oktoba, atakuja kwa furaha na hatauliza bahasha.

Ukimhitaji mtumishi wa umma, tuseme mtu wa Benki Kuu aje kueleza TIPS, mfumo wa taifa wa malipo ya papo kwa papo, usimtumie yeye ujumbe wa WhatsApp ukadhani umemaliza. Andika barua rasmi kwa mkuu wa taasisi yake, taja mada na maswali, mpe nakala mgeni unayemtaka, na ujipe mwezi mzima au zaidi. Sijapata kuona barua hiyo ikirukwa bila mtu kuaibika baadaye.

Sasa maandalizi ya mgeni mwenyewe, ambayo ndiyo sehemu inayopuuzwa kuliko zote. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe zungumza naye kwa simu nusu saa, halafu mpelekee maandishi ya ukurasa mmoja yenye mambo haya: watakaomsikiliza ni akina nani na wanajua nini tayari, maswali matano ya timu kwa maneno ya timu, na ombi moja ambalo ninakusihi usiliache, yaani kwamba asimulie walau jambo moja lililomshinda. Watu hupenda kueleza mafanikio, lakini mfumo uliofanikiwa hufanana na mifumo mingine iliyofanikiwa. Ule ulioanguka saa nane usiku wa mwisho wa mwezi ndio unaofundisha. Mwambie pia kwamba atazungumza dakika 25 na muda uliobaki, ambao ni dakika 35, ni wa maswali. Atashtuka kidogo. Akikujibu kwamba dakika 25 hazitoshi slaidi zake 60, hapo umepata nafasi ya kumwomba azipunguze, na ikiwezekana aje na kitu cha kushika mkononi badala yake. Grace Hopper, mwanahisabati na afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, alikuwa akiwagawia wasikilizaji vipande vya waya visivyofika sentimita 30, akiwaambia kwamba hapo ndipo ulipo mwisho wa safari ya umeme katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Walioishika waya ile waliweza kuona kwa macho kwa nini kompyuta yenye kasi haina budi kuwa ndogo. Daftari la yule wakala lilifanya kazi hiyohiyo.

Kuhusu lugha nitasema kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ninaamini ndiyo inayowanyamazisha watu wako kuliko jambo lolote lingine. Ofisi nyingi za teknolojia Dar es Salaam huandika kwa Kiingereza, hubishana kwa Kiswahili, na mgeni akiingia kila mtu huvaa Kiingereza kana kwamba ni tai. Matokeo yake ni kwamba swali zuri hubaki kichwani mwa mtu anayetafuta namna ya kulipanga bila kukosea sarufi mbele ya wakubwa, na muda unakwisha. Tangaza mapema kwamba maswali yanapokewa kwa Kiswahili. Mgeni akiwa Mtanzania, Mkenya au Mkongomani anayekijua, mwombe azungumze kwa lugha anayofikiria anapofanya kazi, na aachwe achanganye istilahi atakavyo. Hakuna anayehitaji neno sanifu la kila kifaa ili aelewe kwamba seva ililala. Mgeni akiwa hakijui Kiswahili, wewe uliyesimama naye mbele upokee swali kwa Kiswahili na umfikishie. Utapoteza sekunde 20 kwa kila swali, na utapata maswali ya watu ambao hujawahi kusikia sauti zao ukumbini.

Siku yenyewe, anza kwa wakati hata kama viti ni vitupu, na usisome wasifu. Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, ina mihadhara ya Ijumaa jioni tangu enzi za mwanasayansi Michael Faraday, katika miaka ya 1820, na kwa desturi yake mzungumzaji huingia saa ikigonga, huanza papo hapo bila kutambulishwa, na humaliza saa moja kamili baadaye. Inasimuliwa hata kwamba mwaka 1846 mzungumzaji mmoja, Charles Wheatstone, alitoroka dakika za mwisho kwa woga, na kwamba ndiyo asili ya desturi ya kumfungia mzungumzaji chumbani kabla ya zamu yake. Sikushauri umfungie mtu. Nakushauri uzipime zile dakika 15 tunazozitumia kutambua meza kuu, kutaja vyeo na kusema kwamba itifaki imezingatiwa, halafu ujiulize ni maswali mangapi yangeingia humo. Wasifu wa mgeni utume kwa barua pepe siku moja kabla.

Katika maswali tuna mazoea mengine ambayo ningekuomba uyaache kabisa, nayo ni kukusanya maswali matatu kwa pamoja kabla ya mgeni kujibu. Yanaonekana ya haki na ya kuokoa muda. Kwa kweli yanampa mgeni nafasi ya kujibu lile jepesi kwa kirefu, kuligusa la pili, na kulisahau la tatu, ambalo kwa kawaida ndilo lililokuwa na ncha. Pokea moja, lijibiwe, mwulizaji apewe nafasi ya kuuliza tena pale jibu lilipomwacha, ndipo uende kwa mwingine. Swali la kwanza mpe mtu wa ngazi ya chini, uliyemwandaa tangu jana yake. Mkurugenzi mwombe, kwa heshima zote na faraghani, asiulize hadi watu watano wawe wamekwisha kuuliza, na asiketi mbele. Ninajua kwamba ombi hilo ni gumu kulitamka. Wakurugenzi niliowaomba walikubali, na mmoja alinishukuru, kwa sababu alichoka kuwa mtu pekee anayezungumza.

Mpangilio wa viti nao una neno lake. Katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, kilichoanzishwa mwaka 1970, Bob Taylor aliwakusanya watafiti wa maabara ya kompyuta mara moja kwa wiki katika chumba chenye mifuko laini ya kukalia badala ya viti, na mmoja akajitokeza mbele ya wenzake kuwasilisha jambo, akiwa yeye ndiye anayeweka kanuni za mazungumzo ya siku hiyo kama mgawa karata anavyotangaza aina ya mchezo. Walimwita hivyo hasa, Dealer, yaani mgawa karata. Ni kituo hichohicho kilichotoa kompyuta ya Alto na mtandao wa Ethernet. Mtu aliyekulia Lamu, Tanga au Unguja hahitaji kuelezwa ubora wa mpango huo, kwa kuwa baraza la nyumba ya Kiswahili limejengwa hivyo: watu wanatazamana, na anayezungumza hana kimo kuliko wengine. Kwa watu 30 panga viti kwa nusu duara. Na kwa kusema kweli watu 30 wanatosha. Punguza ukumbi, usipigane na idadi.

Siku na saa nitapita haraka. Epuka Ijumaa mchana kwa ajili ya swala, epuka siku tano za mwisho wa mwezi ambazo katika malipo ni siku za mafuriko ya miamala, na usiweke mhadhara wa chakula cha mchana mwezi wa Ramadhani. Jioni baada ya kazi foleni itakushinda. Jumatano saa sita na nusu, kwa pilau au kwa maandazi na chai kadiri bajeti itakavyoruhusu, imenisaidia zaidi ya wakati mwingine wowote.

Fedha: nauli na usumbufu wa mgeni ulipwe na kampuni bila mgeni kuomba, na kiasi kitajwe kwenye barua ya mwaliko ili asilazimike kukisia. Wakala na mwenye duka anayefunga biashara yake kwa saa tatu apate fidia kubwa kuliko profesa, kwa kuwa yeye anapoteza mapato ya siku hiyo. Mwone mhasibu wenu mapema juu ya kodi ya zuio, ambayo kwa mgeni asiye mkaazi wa nchi huwa ya kiwango cha juu zaidi, na juu ya stakabadhi, ili bahasha isiwe jambo la kunong'onezana mlangoni.

Kurekodi kunahitaji uamuzi kabla ya siku. Mtu anayejua kwamba kamera inawaka hatasimulia lililomshinda, hasa kama mwajiri wake anaweza kuliona, kwa hiyo mimi hurekodi zile dakika 25 kwa ridhaa ya maandishi ya mgeni, na huzima kamera wakati wa maswali. Sauti na sura ni taarifa binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ridhaa iseme rekodi itatumika wapi na itakaa kwa nani. Hakikisha pia kwamba mgeni hapitishwi mbele ya skrini zenye miamala ya wateja halisi anapoelekea ukumbini, jambo ambalo nimeliona likitokea mahali ambapo watu walijiona makini sana.

Lakini kuliko video, ningependa uwe na maandishi. Mhadhara wa Hamming umedumu kwa sababu mmoja wa wenyeji wake, James Kaiser, aliketi akaunakili kutoka kwenye kanda neno kwa neno, pamoja na maswali na majibu. Linganisha na mhadhara ambao Grace Hopper aliutoa mwezi Agosti 1982 katika shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, NSA. Huo ulirekodiwa vizuri, lakini kwenye kanda za aina ambayo miaka ilipopita shirika lenyewe halikuwa tena na mashine ya kuzichezesha, na watu wa nje hawakuuona hadi mwaka 2024, baada ya Nyaraka za Taifa za Marekani kusaidia kuzisoma kanda hizo. Kama kanda zilikwama mahali penye mashine zote zile, rekodi yako iliyo kwenye simu ya mtu wa kitengo cha mawasiliano ina bahati mbaya zaidi. Mteue mtu mmoja kila mara aandike kurasa mbili siku hiyohiyo: alichosema mgeni, swali lililokuwa gumu, na jambo ambalo timu fulani imeamua kulijaribu. Kurasa hizo ziwekwe pale wahandisi wanapoweka nyaraka zao za kazi, maana hawatazitafuta kwingine.

Na mgeni asiondoke mara makofi yanapokwisha. Wahenga walisema siku ya tatu apewe jembe; mimi humpa siku ileile. Omba saa moja zaidi, umketishe na ile timu iliyotoa swali lililomleta, watu watano au sita, na mchoro wa mfumo wao ubaoni. Mambo mengi ninayoweza kuyataja kuwa ni matunda ya mihadhara niliyoiandaa yalitoka katika saa hiyo ya pili. Sehemu ya ukumbini iliwajulisha watu. Chumba kidogo kiliwafanya wabadili walichokuwa wakikijenga.

Kwa uongozi wako, basi, usiende na hapana mbili. Nenda na pendekezo: mfululizo uwe wa mihadhara sita kwa mwaka badala ya kumi na miwili, kila mmoja ukiwa na swali lililotolewa na timu iliyotajwa, na ripoti yako isihesabu vichwa, bali itaje kilichojaribiwa baada ya mgeni kuondoka. Wakisisitiza jina kubwa, kubali moja kwa mwaka, mwishoni, na limpate mgeni huyo sharti lilelile la dakika 25. Mhadhara wa mwezi ujao uahirishe bila kuona haya. Tumia wiki hizo mbili kukusanya ubishi wa timu zako, na keti asubuhi moja na dawati la huduma kwa wateja usikilize simu zinazoingia. Nina hakika kwamba ndani ya mita 300 kutoka ofisini kwenu kuna wakala anayeutumia mfumo mnaoujenga na anayejua mambo ambayo hamyajui. Usimwandikie barua pepe. Mfuate kwenye dirisha lake mapema, kabla foleni ya wateja haijaanza, mwambie umetoka wapi, na umwombe akuonyeshe daftari.